Alama Nilizompa Dada Anande

Kosa langu la kwanza katika kusikiliza lilikuwa hili: nilihukumu tarumbeta ya dada yangu kwa kutumia simu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi na saba, na kwa miezi minne nilimpa alama kila Jumamosi kwa sauti ambayo hakuipiga. Nalitaja mapema ili usije ukanionea huruma kabla hujajua habari yote.

Limenirudia wiki hii kwa sababu ya harufu. Baridi ilipoingia nilitoa kabatini koti la zamani la Baba, ambalo zamani lilinifika magotini na sasa linanitosha, nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani na kukuta kichupa cha plastiki kisichozidi kidole. Nilikijua kabla sijakitazama. Nikakifungua palepale ukumbini. Mafuta ya vali za tarumbeta, vile vibonyezo vya vidole, yananukia kama mafuta ya taa yaliyokogeshwa na kuvalishwa nguo safi. Nilivuta mara moja tu, nikarudi kwenye zile Jumamosi saa kumi jioni, nikisubiri video ya Anande iingie.

Tulikaa Malvern, pembeni mwa mji mmoja mkubwa wa Kanada, kwenye zile nyumba za matofali zilizoshikana mabega, Mama akiwa muuguzi na Baba akifanya kazi kiwanda cha mikate. Nyumbani wazazi walisema Kiswahili na sisi tulijibu Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili, na nadhani Mama akiyasoma atasema heri yangesemwa hivyo tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta. Nikiandika herufi moja ikainama, nilifuta mstari. Mstari ukibaki na doa, nilichana karatasi. Mama alinikuta siku moja nimechana kurasa saba za kazi moja ya shule, akakaa kitandani kwangu na sare yake ya kazi, akaniambia, "Mwanangu, kizuri hakikosi ila." Alitaka kunituliza. Mimi nilisikia kwamba kila kizuri kina kasoro iliyojificha mahali, na kwamba mtu mwenye akili ni yule anayeipata kwanza.

Mwaka huohuo nilizigundua bendi za gwaride mtandaoni. Si bendi za kawaida. Ni vikosi vya ngoma na tarumbeta: vijana mia na zaidi kwenye uwanja wa mpira, ngoma nyuma, bendera pembeni, na safu ndefu ya ala za shaba zinazotembea kwa hatua zilizopimwa. Kuna wakati safu nzima husimama, hugeuka kukabili watazamaji, huinua midomo ya tarumbeta juu kidogo, na kupiga sauti moja pana. Mara ya kwanza nilipoisikia nywele za mikono zilisimama. Nilirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikasikia kwamba mtu mmoja upande wa kushoto alichelewa kuacha noti.

Hapo ndipo nilipotafuta daftari. Nilichora safu tano: usafi wa sauti, tuni, mizani kati ya sauti za juu na besi, mwanzo wa noti, mwisho wa noti. Sikuwahi kushika tarumbeta. Sikujua kusoma muziki. Nilijifunza kutoka kwa watu nisiowajua waliokuwa wakibishana chini ya video, watu wakali wenye majina ya ajabu, na maneno yao niliyanakili kama mistari ya Biblia. Baada ya miezi michache niliweza kukuambia kwa nini kikosi fulani kilisikika kama kioo na kingine kama bati. Kumi sikumpa mtu yeyote. Tisa nilitoa mara mbili, na usiku wake sikulala vizuri, nikarudi nikaifanya moja iwe nane na nusu.

Alama zilivuka mipaka ya uwanja. Nilimpa mchungaji alama, nikaipa jokofu alama kwa jinsi lilivyovuma. Mama alinikamata nikiwa nimefumba macho mbele ya chakula akasema, "Huyu siku moja ataupa hata ugali alama." Nilikuwa nimeshaupa.

Nao wapiga matarumbeta wa kanisani kwetu niliwapa tatu. Walikuwa wanne, na Baba alikuwa mmoja wao. Alikulia Moshi, kwenye usharika ambako matarumbeta yalipiga kwenye harusi, kwenye mazishi, na alfajiri ya Pasaka makaburini, na alikuja Kanada na baritoni yake, tarumbeta nene ya sauti ya chini, imefungwa kwenye blanketi. Kila Jumapili alasiri, kwenye jengo ambalo ibada yetu ya Kiswahili ililiazima, wazee hao wanne walivuta pumzi na kupiga tenzi kwa sauti iliyoyumba kama meza yenye mguu mfupi. Tatu yenyewe ilikuwa ya huruma. Baba alipiga amefumba macho, mashavu yamemjaa, na mimi nilitazama viatu vyangu.

Tarumbeta ya Anande ilianza kwa Baba na kuishia kwangu. Baba alimfundisha kushika noti ndefu; mimi nilimwonyesha video. Alipoona uwanja ule na safu ile alisema, "Nataka kuwa pale." Alipata habari ya kikosi cha vijana kilichofanya mazoezi karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja, akawa anapanda mabasi kila Jumamosi asubuhi kuvuka mji mzima. Walimpa melofoni, chombo kinachofanana na tarumbeta iliyoshiba. Wapiga melofoni walikuwa tisa na nafasi za msimu wa kiangazi zilikuwa nane. Wote walijua. Mwisho wa Machi mwalimu angesikiliza kila mmoja peke yake, nane wasafiri na kikosi majira yote ya joto, wa tisa abaki kuwa wa akiba.

Basi Anande akaanza kunitumia video. Mapumziko yakifika alisimamisha simu kwenye benchi, akapiga kipande chake, akanitumia. Chini yake aliandika: *Mheshimiwa Jaji, hukumu?*

Siwezi kukueleza jina hilo lilinifanya nini. Shuleni nilikuwa mtoto anayeumwa tumbo kabla ya kila mtihani. Kwa Anande nilikuwa Mheshimiwa. Nilifunga mlango, nikavaa visikilizio, nikarudia kile kipande cha sekunde arobaini hadi sikio likauma.

"Sita," nilimwambia Jumamosi ya kwanza alipoingia nyumbani, theluji bado iko kwenye kofia yake.

"Sita! Hata kwa undugu?"

"Hiyo sita ndiyo ya undugu."

Alicheka, akanipiga kofia ya baridi usoni. "Haya, Jaji. Kosa langu ni nini?"

Nikamsomea. Mahali pa nguvu, pale kipande kinapopanda, sauti yake ilichanika. Ilikuwa bapa, imekwaruza, kama mtu anayepiga kelele ndani ya ndoo. Mahali pa upole ilikuwa nzuri sana. Kwa hiyo, nikasema kwa sauti ya wale watu wakali wa mtandaoni, anazidisha pumzi. Apunguze.

Akapunguza. Wiki iliyofuata sehemu ya nguvu ilichanika kidogo tu, nikampa sita na nusu. Akapunguza tena. Desemba alikuwa saba. Januari saba na nusu. Kila alama ilipopanda nilihisi nimeipandisha mimi. Februari ilileta video safi kabisa, laini kutoka mwanzo hadi mwisho kama maziwa yanayomiminwa, nikampa nane, akaruka jikoni huku ameshika sufuria.

Baba peke yake hakuruka. Alimsikia Anande akifanya mazoezi ghorofa ya chini, akaacha kukata vitunguu. "Mbona siku hizi mama anapiga kama mgeni anayeomba chumvi?" Alimwita mama kwa sababu Anande alipewa jina la bibi yetu mzaa baba.

"Ndiyo usafi huo, Baba," nilimwambia.

"Usafi." Alirudi kwenye vitunguu. "Sawa. Mimi ni mtu wa tatu, nitasema nini?"

Nikajua alikuwa ameliona daftari. Masikio yaliniwaka hadi wakati wa kulala, lakini sikubadilisha kitu. Jaji habadilishi.

Jumamosi ya pili ya Machi Anande alirudi bila kutuma video. Alivua viatu mlangoni, akavipanga taratibu kuliko kawaida, akakaa kwenye ngazi na koti lake mwilini. Mama, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, alimuuliza kuna nini.

"Mwalimu amenisimamisha peke yangu. Akaenda hadi ukuta wa mwisho wa ukumbi. Nikapiga. Akasema, 'Sikusikii.' Nikapiga tena. Akasema, 'Anande, nakuona midomo, sauti siioni.'" Alicheka kicheko kifupi kisicho na kitu ndani. "Kumbe kila aliposema safu yetu nzima iongeze, alikuwa ananiambia mimi. Nilidhani anawaambia wengine. Amesema ni mimi au yule msichana mwingine. Wiki mbili."

Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nilipanda juu, nikafungua daftari, nikazitazama alama zangu zinazopanda moja baada ya nyingine kwa mwandiko usio na doa.

Nilijitetea kwa siku tatu. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye asili ya Trinidad ambaye Anande alisema anaweza kusikia sindano ikianguka kwenye zulia. Basi labda siku ile alikuwa na mafua. Labda ukumbi ulikuwa mbaya. Nilitafuta kasoro kila mahali isipokuwa chumbani kwangu.

Jumanne nilikuwa nimeweka simu kitandani, najirekodi nikiimba puani kile kipande ili nikilinganishe na video, Mama akaniita chakula. Mama yangu anaita kwa sauti ambayo wauguzi wenzake walisema haihitaji kipaza sauti wodini. Aliita kutoka chini, "Eliya! Shuka ule!" na dirisha likatikisika. Baada ya kula nikasikiliza nilichorekodi. Kulikuwa na mvumo wangu wa puani, na juu yake sauti ya Mama, na zote mbili zilikuwa sawa. Sawasawa. Mama alisikika kama mtu mdogo aliyefungiwa kabatini, sauti yake imechanika kingo zote.

Nilisikiliza tena. Kisha nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama mlangoni nikagonga kwa nguvu zote, halafu nikanong'ona karibu na simu. Simu iliniletea vishindo na minong'ono kwa kipimo kimoja. Iliposikia kikubwa ilikiminya. Iliposikia kidogo ilikinyanyua. Haikutaka kitu chochote kiwe kikubwa.

Nilikaa sakafuni na ile sufuria mapajani. Miezi minne nilikuwa naipa simu alama. Kilichochanika hakikuwa sauti ya Anande. Alikuwa na sauti pana tangu Novemba, nami nimemfundisha, wiki baada ya wiki, kuipunguza hadi itoshe kwenye kitundu cha simu.

Ningemwambia siku ileile, habari hii ingekuwa fupi. Sikumwambia. Niliwaza nitaweza kulirekebisha kimyakimya, kama nilivyorekebisha herufi, bila kuacha doa. Alhamisi alinipigia kipande pale pale sebuleni, akiwa amekata tamaa, mabega yameanguka, na sauti ilikuwa laini kama kawaida. Nikasema, "Tisa! Lakini sasa ongeza. Piga kwa nguvu zaidi."

"Wiki iliyopita ulisema nipunguze."

"Vigezo vimebadilika."

"Vigezo vimebadilika," alirudia polepole, akafunga melofoni kwenye sanduku.

Jumamosi Baba alikwenda kumchukua kwa gari, nami nikaomba kwenda naye. Kutoka Malvern hadi kule ni barabara moja ndefu yenye taa za barabarani zisizoisha. Nilijiambia nitasema kwenye taa ya tano. Ya tano ilikuwa kijani. Nikasema ya kumi. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji meusi yakiruka kwenye kioo, na Baba alikuwa anaimba besi ya wimbo ambao alikuwa anausikia yeye peke yake. Tulipokaribia kabisa, majengo marefu ya Jane na Finch yakiwa yameshaonekana, nikasema yote kwa pumzi moja, nikimalizia na sufuria.

Baba alizima vifutio vya kioo ambavyo havikuhitaji kuzimwa, akaviwasha tena.

"Kwa hiyo simu ilimpa alama."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaipa simu saini."

Nilianza kulia. Baba hakunibembeleza wala kunigombeza. Alisema tu, "Mimi si wa kuambiwa, baba. Mwenye tarumbeta anakuja na sanduku lake."

Anande aliingia nyuma, analeta harufu ya ukumbi, jasho na yale mafuta ya vali. Baba alimwambia, "Mama, mdogo wako ana neno." Nikageuka kwenye kiti nikamwambia. Alisikiliza akitazama nje.

"Miezi minne," alisema.

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Na Alhamisi ukanipa tisa."

"Ndiyo."

"Eliya, hiyo miezi minne nimeelewa. Ulikosea, na mimi nikakubali, mtu mzima nimekubali hukumu ya mtoto wa darasa la saba. Lakini hiyo tisa." Alivuta sanduku lake mapajani. "Hiyo tisa ndiyo imeniuma."

Jumapili baada ya ibada Baba hakugeuza gari kwenda nyumbani. Alisimama kando ya ule uwanja mrefu unaopita katikati ya mitaa, chini ya nyaya kubwa za umeme, nyasi zimelala, bata bukini wametapakaa kama wenye shamba. Tulikuwa bado na nguo za kanisani. Baba alinivisha koti lake juu ya langu, akanipa kitambaa chekundu cha jikoni.

"Mama yenu anasema kirudi salama," alisema, "ni cha kufunikia maandazi."

Kisha akatueleza. Kwao, kabla ya matarumbeta kwenda kwenye harusi, mdogo kuliko wote alitumwa na kitambaa hadi mgongo wa pili wa mlima, ng'ambo ya bonde. Bendi ikapiga. Akiisikia imemfikia nzima, besi na vyote, anainua kitambaa. Asipoinua, wanapiga tena. Baba alikuwa mtoto huyo miaka mitatu kabla hajapewa chombo. "Bendi haijisikii yenyewe," alisema. "Na anayekaa karibu nayo anasikia watu, hasikii bendi. Nenda hadi ile nguzo ya pili. Na wewe Eliya, usiinue kwa huruma. Umenisikia? Huruma iache kwenye gari."

Anande alikuwa anafungua sanduku bila kutazama mtu. Vali zilikuwa zinanata kwa baridi. Alitia mafuta, kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, akanisemesha. "Shika hii. Iweke ndani, karibu na mwili. Ikiganda nimekwisha." Nikakitia kichupa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Baba.

Nilitembea. Nguzo ya pili ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Nilipogeuka walikuwa wadogo, Baba doa jeusi, Anande doa la bluu lenye cheche ya shaba. Akapiga. Nilisikia mwanzo wa noti, kisha upepo, kisha kitu kama mwisho wa noti. Mkono wangu ulikaa chini.

Akapiga tena. Mkono chini. Hujui urefu wa dakika mpaka umesimama mbele ya mtu unayempenda, yeye anakutazama, na kitambaa kiko mkononi, na hukiinui. Vidole viliwaka kwa baridi. Niliona mabega yake yakishuka. Baba hakumwambia kitu. Alipita tu nyuma yake, akamwekea kiganja kati ya mabega kama mtu anayesukuma mlango. Mara ya tatu. Ya nne. Mara moja alitembea hatua kadhaa kunijia na kupaza sauti, "Bado?" Nikatikisa kichwa. "Muongo!" alipiga kelele, kisha akarudi mahali pake kwa sababu alijua safari hii si muongo. Mara ya sita nilikimbia kumpelekea mafuta, akatia bila kuniangalia, midomo yake imevimba na imepauka, nikakimbia tena hadi nguzoni.

Ile iliyofuata haikuanza masikioni. Ilianza kwenye meno. Halafu kifua kikaipokea kama vile mtu ameniwekea mkono pale, na sehemu inayopanda, ile niliyoikataza tangu Novemba, ikapanda, ikafunguka, ikapita juu yangu ikaenda zake kwenye nyumba zilizo nyuma. Bata wote waliinuka kwa pamoja. Mzee mmoja alitoka kwenye uzio wa nyuma ya nyumba yake na kikombe mkononi. Haikuchanika popote. Nilisimama mdomo wazi, machozi yakipoa mashavuni, na sikusikiliza usafi wala tuni wala mwisho wa noti.

"Kitambaa!" Baba alikuwa anapunga mikono yote miwili. "We mtoto! Kitambaa!"

Nilikuwa nimekisahau. Nikakiinua, nikakizungusha juu ya kichwa hadi bega likauma.

Ningependa kukuambia kwamba wiki moja ilitosha. Kila alasiri tulikwenda uwanjani, nami nikasimama kwenye nguzo, na sauti ilikuja siku nyingine na siku nyingine ikajificha. Mwili ulioambiwa upunguze kwa miezi minne hauamini haraka. Jumamosi ya mwisho wa Machi tulimsubiri wote kwenye korido ya ile shule, hata Mama aliyetoka zamu bila kulala, tumekaa chini ya picha za timu za zamani. Kupitia mlango nilimsikia. Mara ya kwanza alianza kwa woga, akaomba kurudia, ya pili ikaja pana. Mama alinishika goti. Saa tisa mwalimu alibandika karatasi mlangoni. Majina manane. Chini yake mstari, na chini ya mstari, Anande.

Mwalimu alimfuata hadi nje. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. "Hiyo sauti ya leo," alimwambia, "ungeniletea Januari, nisingekuwa na mjadala. Rudi vuli." Alisema kwa upole, na mimi nikatamani angesema kwa ukali.

Mwaka ule hakuna mpiga melofoni aliyeugua wala kuacha. Kikosi kiliondoka Juni na Anande alibaki.

Kwenye gari siku ile nilimsubiri anipigie kelele. Nilihitaji kelele hizo. Yeye alinyosha mkono. "Jaji. Daftari." Nilikuwa nalo, kama kawaida. Akalisoma kwa sauti, kuanzia Novemba, mwanzoni kwa kejeli, akiigiza sauti yangu ya kitaalamu, Mama akijizuia kucheka. Kisha kejeli ikaisha akawa anasoma tu. Alipofika mwisho alilifunga.

"Huku kote," alisema, "hakuna mahali umeandika kama ulipenda."

Nilidhani amekosea kuelewa kazi ya daftari.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mimi ndiye niliyekosea kuielewa. Anande alikuwa na mwalimu mwenye masikio makali kuliko yangu. Hakukosa jaji. Alikuwa anavuka mji peke yake kwenda kukaa katikati ya watoto waliolipiwa walimu tangu wadogo, na nyumbani palikuwa na mtu mmoja tu aliyekijua kitu alichokipenda, naye alikuwa mdogo wake. Alinitumia zile sekunde arobaini kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha pili kuuliza, uko macho? Mimi nikajibu sita. Na nimeelewa jingine ambalo sipendi kulikiri: alama zilinipa usalama. Nilipokuwa nashika kasoro za wengine, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzihesabu zangu.

Kiangazi kile, kwa kukosa pa kwenda, alipiga na wazee wa kanisani. Melofoni katikati ya matarumbeta manne yaliyoyumba. Jumapili moja nilitoka nje nikasimama ng'ambo ya maegesho ya magari, mbali, kama nilivyofundishwa. Kutoka pale mguu mfupi wa meza haukusikika. Nilisikia kitu kimoja kipana, baritoni ya Baba ikiwa chini yake imewabeba wote. Ndivyo ilivyokuwa ikisikika siku zote kwa watu waliokuwa mbali. Vuli Anande alirudi kwenye kikosi na akapata nafasi, akasafiri nacho misimu miwili.

Kichupa nimekirudisha mfukoni. Daftari sinalo, Anande hakunirudishia na sijamwomba. Bado ni mtu wa kufuta, na kabla ya kukuletea ukurasa huu nimeuandika mara nyingi kuliko nitakavyosema. Lakini alama sitoi tena. Nikitaka kujua bendi inasikikaje naenda ilipo, nasimama mbali, nasikiliza hadi mwisho, kisha namwambia mpigaji kama nilipenda. Na nikikosea, nasema siku ileile.